Kopo la Oili

Nimepotea wiki tatu. Wengine mlidhani nimefukuzwa kazi, wengine mlidhani nimeoa. Hakuna lolote kati ya hayo. Nilikuwa nyumbani, Usevya, na kilichonichelewesha ni kopo. Kopo la aluminiamu, ukubwa wa chupa ya maji ya lita moja hivi, nililolinunua Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 85,000 nikiwa na nia mbaya. Nia hiyo nitaieleza, ila mnivumilie kidogo, maana lazima nianze na gari.

Mnalijua gari langu. Subaru Forester ya turbo, ya mwaka 2004, rangi ya bluu, ile yenye kitundu juu ya boneti kama pua ya mtu aliyekasirika. Nililinunua mwaka juzi kwa akiba yote niliyokuwa nayo pamoja na mkopo wa saccos ya ofisini. Mwandishi wa habari mwenye mshahara wangu hana sababu yoyote ya kumiliki gari la turbo. Nalijua hilo, na mama alishaniambia. Lakini mimi nimekulia kwenye mikanda ya Safari Rally ambayo kaka wa jirani yetu alikuwa nayo. Colin McRae alipoishinda Safari mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza mimi nilikuwa sijazaliwa, na Richard Burns alipofanya hivyo mwaka 2000 kwa gari lilelile nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini ile mikanda tuliitazama mpaka ikachujuka. Ukishaona gari la bluu linapasua tope la Kenya namna ile ukiwa na miaka saba, basi tena, umekwisha.

Mwaka wa kwanza gari lilikuwa tamu. Mwaka wa pili likaanza kula oili.

Kwanza lilikula kidogo, robo lita kati ya sevisi na sevisi. Halafu nusu. Ilipofika Machi mwaka huu nilikuwa naongeza lita nzima kila baada ya kilomita 800, na kila nikitoka kwenye foleni ya Ubungo na kukanyaga mafuta naona kwenye kioo wingu la bluu linamfunika mwenye bodaboda aliye nyuma yangu. Fundi wa Dar akaniambia ukweli kwa sentensi moja: injini inataka kufunguliwa. Akataja na bei. Nikamshukuru, nikaondoka, sikurudi tena.

Sasa hapa ndipo penye aibu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Mpanda na analima mpunga kule kwetu bonde la Rukwa. Mwaka huu mavuno yalikuwa mazuri na alikuwa anatafuta gari la familia lenye uwezo wa kupita barabara zetu. Nikamwambia mimi nauza langu. Tukakubaliana shilingi milioni 11. Akanitumia milioni nne za mwanzo kwa simu siku hiyohiyo, bila kuliona gari, bila kuuliza swali lolote. Kwa nini aulize? Mimi ni mdogo wake, nimesoma chuo kikuu, naandika gazetini. Na mimi nilikuwa nahitaji hela hiyo. Barua yangu ya posa ilishajibiwa na wazee wa upande wa pili walishataja kiasi chao. Zile milioni nne, kabla wiki haijaisha, moja na nusu ilikuwa imeshatoka mkononi mwangu.

Suala la moshi sikumwambia. Nikaenda Gerezani.

Niwaeleze kopo lenyewe ni la nini, maana wengine mnaniuliza kila siku ile kitu inayong'aa kwenye injini za vijana wa Subaru ni pambo au nini. Vijana wa gereji wanaliita kechi keni. Mimi naliita kopo la kunasia oili.

Injini yoyote, hata mpya, haizibi asilimia mia. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukilipuka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya ile gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka chini kwenye sampu, kule kranki inakozunguka. Kule chini kuna oili inarushwarushwa, kwa hiyo gesi hubeba ukungu wa oili. Isipotolewa, presha inajaa na kuanza kusukuma sili nje. Zamani sana magari yalikuwa na bomba tu lililoelekea chini, likitema ule ukungu barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California, ambalo hewa yake ilikuwa imeshakuwa sumu, likaanza kudai gesi hiyo irudishwe ndani ya injini ikaunguzwe upya. Dunia nzima ikafuata. Ndiyo maana gari lako lina mpira unaotoka kwenye tapeti kava au kwenye bloku na kurudi kwenye njia ya hewa. Pia kuna kavalvu kadogo kwenye mpira mmojawapo, ambako turbo ikianza kusukuma hujifunga ili upepo usirudi kinyumenyume.

Tatizo ni kwamba gesi ikirudi, oili nayo inarudi. Kwenye gari la turbo inapaka ukuta wa mabomba, inajaza utandu kwenye intakula, na ikiingia kwenye silinda inafanya petroli isivumilie mgandamizo. Injini inaanza kugonga, na kugonga huko ndiko kunakovunja pistoni. Injini ya Subaru ni mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu silinda zake zimelala ubavu, mbili huku mbili kule. Ukikata kona kali oili inakimbilia kwenye hedi ya upande mmoja na kutokea kwenye brida kama maji yanavyotoka kwenye ndoo inayobebwa na mtoto. Kopo linakaa katikati ya huo mpira. Gesi inaingia, inapunguza mwendo, inagonga vizuizi, oili inadondoka chini, gesi iliyochujwa inaendelea na safari yake. Kwenye mashindano si hiari kabisa. Kanuni za FIA zinataka gari ambalo brida yake haikurudishwa kwenye injini liwe na chombo cha lita mbili kama injini haizidi cc 2,000, lita tatu kama inazidi, na kiwe kinaonyesha kilichomo ndani.

Kwa hiyo ni kifaa halali, chenye kazi halali. Mimi sikukinunua kwa kazi hiyo. Mimi nilipiga hesabu kwamba moshi wangu mwingi unatokana na oili inayopitia brida, na kwamba kopo likiinasa, moshi utaisha. Binamu atapokea gari lisilo na moshi. Kitakachotokea baada ya hapo ni mambo yake na gari lake.

Nikumbushe kwamba mwaka jana mimi huyuhuyu niliandika habari ndefu kuhusu wauza magari wanaorudisha nyuma kilomita kwenye dashibodi. Mhariri aliipenda. Niliwaita matapeli, kwenye aya ya pili kama sikosei.

Nikalifunga mwenyewe Jumamosi moja, nyuma ya nyumba ninayopanga, kwa bisibisi na koleo. Brida mbili za tapeti kava nikaziingiza kwenye kopo, kopo nikalirudisha kwenye mdomo wa turbo. Mpira niliutoa kwenye mpira wa kumwagilia bustani wa mwenye nyumba, ule mwepesi unaoonyesha ndani, kwa sababu nilitaka kuona oili ikipita. Nilijiona mhandisi. Ijumaa iliyofuata, saa kumi alfajiri, nikaianza safari ya karibu kilomita 1,300 kwenda nyumbani.

Asubuhi ya pili, baada ya kulala Makambako kwenye baridi ya Juni, nikafungua kopo kuangalia. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, kizito, kama maziwa ya mgando yaliyochanganywa na haradali. Nikakaa kwenye jiwe. Kila anayeendesha Subaru anajua maana ya oili nyeupe: maji yameingia, gasketi ya hedi imekwenda. Nikajaza maji kwenye rejeta kwa mkono unaotetemeka, hayakuwa yamepungua hata tone. Nikaendelea, roho mkononi, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga.

Kwa wasiojua kwetu: Usevya iko Mpimbwe, mkoani Katavi, jirani kabisa na Kibaoni, kwao Mizengo Pinda aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Mpaka mwaka 2012 sisi tulikuwa mkoa wa Rukwa, na wazee wengine bado wanakwambia hivyo. Ukitokea Sumbawanga unakaa juu kwenye uwanda wa Ufipa, kwenye upepo na ubaridi, halafu unafika mahali ardhi inakatika. Ndiyo Lyamba lya Mfipa, ukuta wa Bonde la Ufa. Unashuka, unashuka, masikio yanaziba, joto linapanda, na chini unaona bonde letu la mpunga.

Nilishuka kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, kama inavyotakiwa. Nilipofika tambarare nikakanyaga. Jamani. Lilitoka wingu ambalo sijawahi kuliona maishani, la bluu, zito, likakaa barabarani kama pazia. Basi lililokuwa nyuma yangu likawasha taa mchana kweupe na kupiga honi ndefu. Kondakta alipopita pembeni yangu akachungulia dirishani na kuniuliza kama nachoma mkaa.

Kwa hiyo kopo langu la shilingi 85,000 halikuwa limeficha chochote.

Usevya hakuna gereji ya Subaru. Kuna mzee mmoja, tangu nikiwa mdogo tunamwita Fundi, basi, jina lake hata mimi nililijua nikiwa sekondari. Anatengeneza pikipiki, matrekta madogo ya kusukuma ya kulimia majaruba, na zaidi ya yote mashine za kukoboa mpunga. Mama alinituma kwake kesho yake asubuhi. Yaani, hakunituma kwa ajili ya gari, alinituma nikachukue mchele uliokobolewa. Lakini nilienda na gari, na Fundi alilisikia kabla hajaliona.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo linakula oili."

Sikuwa nimezima hata injini. Nikamwambia linakula kidogo tu, na kwamba nimeshalifungia kifaa. Nikafungua boneti kwa majivuno kiasi, nikamwonyesha kopo. Akalitazama sana. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Akanishika mkono akanipeleka ndani, kwenye kelele na vumbi la pumba, mpaka ubavuni mwa injini ya dizeli inayozungusha mashine ya kukoboa. Kwenye bomba la brida la injini ile kulikuwa kumening'inizwa, kwa waya wa binding, kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na oili nyeusi. Na kwenye ukuta wa udongo, pembeni yake, kulikuwa na mistari ya mkaa, mingi, kwa mafungu.

Alinieleza kwa kupaza sauti. Kila Jumamosi anapima oili iliyomo kwenye kopo kwa kidole. Vidole viwili, mashine ni nzima. Ikifika vidole vinne, anajua ringi zinachoka, anaanza kumwambia mwenye mashine aweke hela pembeni. Ikijaa kopo, anasimamisha mashine hata kama foleni ya magunia imefika barabarani. Amekuwa akichora mistari hiyo kwa miaka. Oili yenyewe haimwagi wala hairudishi kwenye injini, anapakia minyororo na bawaba.

Nilisimama pale nikijihisi mjinga. Mimi nilidhani hiki kitu kimetoka Japani.

Tulivyotoka nje akaomba kulifungua kopo langu. Lilikuwa na kifuniko cha skrubu sita. Ndani hamkuwa na kitu. Namaanisha hamkuwa na kizuizi, wavu, wala bati la kugonga. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea vilikuwa vinatazamana, sentimita chache kati yao. Gesi ilikuwa inaingia na kutoka na oili yake kama mtu anayepita sebuleni kwenda uani. "Hili ni debe," Fundi akasema. Mkinunua vitu hivi, hilo ndilo la kwanza kuangalia. Fungua mfuniko palepale dukani, na muuzaji akikataa, ondoka.

La pili lilikuwa mpira. Ule wa bustani ulikuwa umelainika kwa joto na oili mpaka ukajikunja na kuziba nusu, karibu na turbo. Akaniambia ungeziba wote, presha ingetafuta pa kutokea na ingeitoa sili ya mbele ya kranki njiani, labda huko msituni. Mpira wa oili ndio unaotakiwa, mzito, wenye nyuzi ndani, na upite mbali na eksozi. La tatu lilinichoma zaidi: nilikuwa nimekamata brida mbili nikausahau mpira wa tatu, ule wenye kavalvu unaokwenda kwenye menifoldi. Ukishuka mlima umeachia mafuta, injini inavuta kwa nguvu sana kupitia hapo, inanyonya ukungu wa oili moja kwa moja. Ukikanyaga chini ya mlima, unaunguza chote kwa mpigo. Lyamba lya Mfipa yote ilikuwa imejilimbikiza ikinisubiri. Na yale maziwa ya manjano ya Makambako? Mvuke tu. Injini ikiungua petroli inatoa mvuke wa maji, kopo likiwa la baridi unaganda na kuchanganyika na oili. Humwagwa, basi.

Halafu akaniomba nipandishe injini joto, akaingia ndani, akarudi na glovu moja ya zahanati. Akaziba mipira yote, akafungua kifuniko cha kuwekea oili, akaifunga glovu pale mdomoni kwa raba. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, ile glovu ikasimama. Vidole vitano, kimoja kimoja, vikatutazama. Watoto waliokuwa wanasubiri mchele wakacheka na kupunga mikono. Kila baada ya muda mfupi glovu ilikuwa inatikisika kwa mdundo, puu, puu, puu.

"Moja ya hizo nne ni mbovu," Fundi akasema. "Nyingine zina uzee wa kawaida."

Nikamwambia naelewa, lakini kwa sasa ningependa tu moshi usionekane. Nilisema hivyohivyo. Akanitazama, akauliza, "Nani asiuone?" Nikasema gari nampelekea binamu Mpanda. Hakujibu kitu. Akachukua brashi akaanza kusafisha kopo.

Alifanya kazi siku mbili, na kazi aliyoifanya ni safi kuliko niliyowahi kuiona Dar. Alikata bati akalitoboa matundu madogo kwa msumari, akalichomelea katikati ya kopo. Juu yake akaweka waya wa kusugulia masufuria, ule mnene usiokatika, akaubana kwa bati jingine la matundu ili hata kipande kimoja kisinyonywe kwenda kwenye turbo. Mdomo wa kuingilia akaushusha kwa kabomba mpaka chini ya lile bati. Kitako akakitia koki ndogo ya kumwagia. Kwenye ule mpira wa tatu akaweka kitu alichokitoa kwenye kompresa mbovu ya kujazia upepo matairi, kile kikombe cha chuma kinachokamata maji, kavalvu akakaacha mahali pake. Mipira ilitoka kwenye trekta. Nilimlipa 60,000 akaona nyingi.

Na moshi ukaisha! Nililipeleka Kibaoni na kurudi mara tatu, nikaachia mafuta, nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Hakuna kitu. Labda kijimoshi chembamba asubuhi. Nilipaswa kufurahi.

Siku ya Jumatano nikaondoka kwenda Mpanda kukabidhi gari. Kutoka Kibaoni barabara inaingia Hifadhi ya Katavi mpaka Sitalike, na ile sehemu nilipopita mimi ilikuwa changarawe na vumbi. Ukipunguza mwendo mbung'o wanaingia, na mbung'o wa Katavi wanang'ata juu ya jinzi. Wanapenda vitu vyeusi na vya bluu, kwa hiyo gari langu waliliandama kama harusi. Nilifunga vioo nikaenda hivyohivyo na joto. Sitalike nikasimama darajani kwenye mto Katuma, watu wanakosimama kuangalia viboko wamejazana kwenye tope. Nikafungua boneti. Nikaweka chupa tupu ya soda chini ya koki, nikaifungulia.

Ilitoka oili mpaka nusu ya chupa. Kwa kilomita 70 na kitu.

Nikachomoa kijiti cha oili. Ilikuwa imeshuka kutoka juu hadi karibu na alama ya chini. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama pale na viboko wanakoroma. Injini ile inachukua oili kama lita nne. Kabla ya hapo, oili ilipokuwa inaondoka, ilitoka kama moshi, na moshi kila mtu anauona: dereva, trafiki, kondakta wa basi. Sasa ilikuwa inaondoka kimyakimya kwenda kwenye kopo lililojificha nyuma ya betri. Binamu asingejua kuna koki ya kumwagia. Asingejua kupima oili kila asubuhi, nani humpimia oili gari la milioni 11? Angeendesha Mpanda, Usevya, Mpanda, na siku moja katikati ya hifadhi, pengine na shangazi na watoto ndani, taa nyekundu ingewaka, na dakika moja baadaye injini ingegonga na kukwama. Na mbung'o. Na jioni inaingia, na tembo wa Katavi si wale wa kwenye kalenda.

Sasa mngependa kusikia kwamba nilifika Mpanda nikamwambia palepale getini. Sikumwambia. Nilimkabidhi ufunguo. Aliwapakia wanawe watatu, akazunguka nao mji mpaka stesheni ya reli na kurudi, akashuka anacheka, akasema gari tamu, linavuta, halina hata moshi. Aliutaja moshi yeye mwenyewe. Wifi alikuwa ameshapika kuku. Tulikula, tukanywa chai, watoto wakalala. Nilimwambia saa nne usiku, na nilimwambia yote: Machi, fundi wa Dar, Gerezani, Fundi, chupa ya soda. Chupa nilikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo mbadala, nikaiweka mezani.

Binamu si mtu wa kelele. Alikaa muda mrefu anaitazama ile chupa. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Ulisubiri watoto walizoee kwanza?"

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina.

Asubuhi tukarudi wote Usevya, yeye akiendesha, tukasimama Sitalike kuongeza oili. Hatukuzungumza zaidi ya "pita kulia" na "kuna ng'ombe". Fundi alitupokea kama mtu aliyekuwa akitungoja. Injini ilishushwa siku ya pili yake chini ya mwembe. Silinda ya nne, pistoni imepasuka kwenye ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi, kipande cha urefu wa ukucha wa kidole kidogo kimekaa tu mahali pake, kinacheza. Huo ndio ugonjwa wa injini za namna hii zikigonga kwa muda mrefu. Nyingine tatu zilikuwa na uzee wa kawaida, kama alivyosema. Pistoni nimeagiza, hazijafika. Nilirudi Dar kwa basi, siku mbili, kiti cha juu ya tairi.

Ndiyo hivyo wiki tatu zilivyokwisha. Harusi imesogezwa, wazee wa upande wa pili niliwaeleza kwamba gari limeharibika, jambo ambalo ni kweli ingawa si lote, na mchumba wangu analijua lote. Binamu nimemrudishia milioni mbili na laki tano nilizokuwa nazo, nyingine nalipa laki mbili kila mwezi. Kopo langu la Gerezani halikurudi kwenye gari. Fundi aliniomba alijaribu kwenye mashine ya kukoboa, limefungwa pale ubavuni kwa waya uleule wa binding, na kila Jumamosi ananitumia ujumbe wa simu: vidole viwili, vidole viwili na nusu.

Wiki iliyopita binamu amenunua Noah, hapohapo Mpanda. Aliyeitwa kulikagua ni Fundi. Alisafiri kutoka Usevya na glovu yake mfukoni. Mimi nilisikia kwa mama.